Namna ya Kupima Klorini katika Maji ya Kunywa Nyumbani: Mwongozo wa Utafiti Mdogo Goma

Goma imekaa juu ya lava. Kuchimba kisima hapa ni kupigana na jiwe, kwa hiyo maji ya mji, yawe ya bomba la Regideso, shirika la maji la taifa, ya lori, au ya bidoni (dumu la plastiki) iliyojazwa ufukweni Kituku, kwa sehemu kubwa yanatoka Ziwa Kivu. Kipindupindu nacho kimekuwa mwenyeji: hupanda, hushuka, hakihami. Ndiyo maana hata mtoto wa shule ya msingi anamjua yule kijana wa kituo cha klorini, anayesimama kando ya ziwa na sirinji mkononi akitia dawa katika kila bidoni inayopita mbele yake.

Dozi inayotiwa pale ziwani ina mtu wa kuiangalia. Kinachoangaliwa mara chache ni kile kilichobaki jioni, bidoni ikiwa imepanda kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, hadi mitaa ya Ndosho au Majengo, imekaa jikoni mchana kutwa, maji yakamiminwa katika ndoo, kisha katika kikombe. Huo ndio utafiti ninaoupendekeza. Unamfaa mwanafunzi wa afya ya jamii au biolojia anayetafuta mada ya memwari, yaani tasnifu ya kumaliza chuo, na unamfaa reko (mhudumu wa afya wa kujitolea) wa kartie, yaani wa mtaa, ambaye amechoka kusambaza takwimu zilizokusanywa na wengine. Maabara kubwa haihitajiki. Saa, kalamu na nidhamu vinahitajika sana.

1. Swali liwe moja, na liwe na saa ndani yake

Wanafunzi wengi huanza na kichwa kama "Uchunguzi wa ubora wa maji katika mji wa Goma". Swali la namna hiyo halijibiki hata ukipewa miaka kumi. Andika hivi: "Katika kartie ya Kyeshero, kaya ngapi kati ya mia zinakunywa maji yenye klorini huru isiyopungua miligramu 0.2 kwa lita, na kiwango hicho kinashuka vipi kadiri saa zinavyopita tangu maji yachotwe?" Hapo kuna mahali, kuna kipimo, kuna mpaka wa namba, na kuna saa.

Ukiona swali dogo linakutia haya mbele ya wenzako, tazama tafiti za kipindupindu za eneo letu zinavyojengwa. Julai 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walimiminika Kivu Kaskazini, kati ya 500,000 na 800,000 kwa makadirio, na karibu 50,000 wakafa ndani ya mwezi wa kwanza, wengi kwa kuharisha: kipindupindu kwanza, kisha kuhara damu. Hesabu hiyo, iliyochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1995, ilitegemea maiti zilizokusanywa na malori ya maziko na uchunguzi wa kaya kambini. Angalia ugumu ulikokaa. Waliokufa walihesabika, idadi ya waliokuwa hai kabla ya hapo ndiyo iliyoyumba, na ukigawanya kwa namba inayoyumba, jibu nalo linayumba. Wewe pia, kitakachokusumbua katika kartie yako ni idadi ya kaya kuliko klorini yenyewe.

Mfano wa pili ni wa mji wa Uvira, Kivu Kusini. Watafiti walichukua kumbukumbu za kituo cha kusukuma maji na rejista ya kituo cha kutibu kipindupindu, za kuanzia 2009 hadi 2014, wakazilinganisha siku kwa siku. Bomba lilipokauka, wagonjwa waliolazwa waliongezeka katika siku 12 zilizofuata. Makala ilitoka katika PLoS Medicine mwaka 2015. Data yote ilikuwa tayari imelala katika madaftari, na utafiti wenyewe ulikuwa kuyasoma pamoja.

2. Ruhusa, ngazi kwa ngazi

Anza na chuo chako na kamati ya maadili ya utafiti. Kisha barua iende kwa daktari mkuu wa zoni ya afya inayohusika, yaani Goma, Karisimbi au Nyiragongo. Kutoka hapo kwa shefu wa kartie, halafu kwa shefu wa avenyu, kipande kidogo ndani ya kartie. Usiruke ngazi hata kama shefu wa avenyu ni mjomba wako. Reko wa eneo lile awe nawe: yeye anajua ni nyumba gani ina msiba, ni nyumba gani haipokei wageni mchana, na mbwa wako wapi.

Hali ya mji ikibadilika, ruhusa ya juzi haikuvushi leo. Pita tena. Na usitembee umeinua simu kama mtu anayechora ramani; chukua alama ya mahali ukiwa ndani ya ua, kwa ruhusa ya mwenye nyumba, na katika faili utakayowapa wengine punguza desimali ili nyumba ya mtu isitambulike. Majina ya watu hayahitajiki katika utafiti huu. Namba ya kaya inatosha.

3. Zijue namba kabla ya kupima

Kinachopimwa ni klorini huru iliyobaki. Wenye kazi husema CRL, kifupi cha Kifaransa cha chlore résiduel libre. Klorini ikiingia majini, sehemu yake inaliwa na uchafu, sehemu inashikana na vitu kama amonia na kupungua nguvu, na inayosalia bila kushikana ndiyo huru. Hiyo ndiyo inayolinda maji yasichafuliwe tena na mkono au kikombe.

Miongozo ya Shirika la Afya Duniani inataka klorini huru isiyopungua 0.5 mg/l baada ya dakika 30 za kukaa na dawa, pH ikiwa chini ya 8 (pH ni kipimo cha uasidi au ubesi wa maji), na angalau 0.2 mg/l pale maji yanapofika kwa mtumiaji. Kwa upande wa juu, kikomo cha kiafya ni 5 mg/l, lakini watu watayakimbia maji kwa harufu muda mrefu kabla ya kufika huko. Kwa maji ya nyumbani, usizidi 2 mg/l saa moja baada ya kutia dawa. Maji yawe maangavu pia, chini ya NTU 5 (NTU ni kipimo cha ukungu wa maji), kwa sababu matope hula klorini na kuwaficha vijidudu.

Sasa rudi kwenye yale maneno "pH ikiwa chini ya 8", maana hapa ndipo Goma inapotofautiana na kitabu. Maji ya juu ya Ziwa Kivu yana pH karibu na 9. Klorini huru majini huwa katika sura mbili: asidi ya haipoklorasi, ambayo ndiyo inayoua vijidudu kwa haraka, na ioni ya haipokloraiti, ambayo ni mvivu sana ukiilinganisha na mwenzake. Kinachoamua ipi iwe nyingi ni pH. Kwenye 7.5 ni karibu nusu kwa nusu. Kwenye 8 asidi inabaki kama robo. Kwenye 9 inabaki karibu asilimia 3 tu. Lakini kidonge cha DPD unachopimia, kile kinachogeuza maji kuwa waridi kikikutana na klorini, hakibagui. Kinazihesabu zote mbili pamoja. Kwa hiyo 0.5 iliyosomwa kwenye maji ya chemchemi yenye pH 7 na 0.5 iliyosomwa kwenye maji ya ziwa ni rangi ileile ya waridi, wala si nguvu ileile.

Je, klorini haina kazi ziwani? Ina kazi, na kubwa. Vibrio, bakteria wa kipindupindu, si mgumu mbele ya klorini. Ila maji ya pH ya juu yanahitaji muda mrefu zaidi wa kusubiri au dozi kubwa zaidi, na mtafiti anayeandika CRL bila pH kando yake ameandika nusu ya habari. Memwari nyingi zinasahau safu hiyo moja, nami sioni sababu, kwa kuwa kifaa ni kilekile.

4. Vifaa

Kifaa kikuu ni kile kisanduku kidogo cha plastiki angavu chenye vyumba viwili na mizani ya rangi ubavuni. Watu wa mashirika wanakiita pultesta, kwa kuwa kilitengenezwa kwa mabwawa ya kuogelea. Chumba kimoja ni cha klorini, kingine cha pH. Cha klorini kinatumia kidonge cha DPD namba 1. Cha pH kinatumia kidonge cha fenoli nyekundu.

Ukinunua vidonge, soma maandishi ya karatasi. Vingine vimetengenezwa kwa ajili ya mashine ya kusoma mwanga, vingine kwa kusoma kwa jicho, na havibadilishani vizuri. Tazama tarehe ya mwisho. DPD namba 3 huongezwa baada ya namba 1 ili kupata klorini yote. Chumba kilichotumika kwa namba 3 kisiposuguliwa sana kitakudanganya ukirudi kupima klorini huru.

Ongeza mrija wa kupimia uangavu wa maji, kopo la kutupia maji yaliyotiwa vidonge (usiyamwage sakafuni kwa mwenyeji), kitambaa safi, saa ya mkononi, na fomu. Fomu iwe kwenye KoboToolbox ndani ya simu ya Android: ni ya bure na inafanya kazi bila intaneti hadi utakapopata mtandao. Hata hivyo beba daftari. Simu huzimika, na umeme wa Goma unajulikana.

5. Jifunze kusoma rangi kabla ya kwenda kwa watu

Utaratibu wenyewe ni mfupi. Suuza vyumba vyote viwili kwa maji yaleyale utakayopima, mara tatu. Jaza hadi alama. Tia kidonge bila kukigusa kwa vidole. Kifungue juu ya chumba kianguke chenyewe. Funga, tikisa hadi kiyeyuke, soma ndani ya dakika moja. Ukichelewa, klorini iliyoshikana inaanza nayo kutoa rangi na namba yako inapanda bila sababu. Soma kwenye mwanga wa mchana, jua likiwa mgongoni, kisanduku usawa wa macho. Miwani ya jua ivuliwe.

Mitego ni miwili, yote ya rangi.

Wa kwanza ni maji yenye klorini nyingi kupita kiasi. DPD ikikutana na klorini kali mno inapauka, na maji yanabaki meupe kama yasiyo na dawa kabisa. Ukiona waridi imeonekana kidogo kisha ikatoweka, au maji yananuka klorini wazi huku kifaa kinasema sifuri, chukua kipimo kimoja cha maji hayo, changanya na vipimo tisa vya maji yasiyo na klorini, pima tena, kisha zidisha kwa 10. Andika pia kwamba ulizimua.

Wa pili ni pH. Mizani ya fenoli nyekundu inaanzia 6.8 na kuishia 8.2. Maji ya Kivu yatakupeleka hadi mwisho wa mizani na kukuacha hapo. Usiandike "8.2". Andika "zaidi ya 8.2", au tafuta kipimo cha elektroniki kilichosawazishwa. Rangi ikigeuka zambarau, klorini nyingi imeivuruga fenoli nyekundu yenyewe na usomaji huo haufai.

Kabla ya siku ya kwanza ya kazi, kaeni wawili mkasome sampuli 20 za nguvu mbalimbali, kila mmoja akiandika bila kumwonyesha mwenzake. Mkitofautiana mara kwa mara kwa zaidi ya hatua moja ya mizani, rudieni mazoezi. Muulizaneni pia kama yupo asiyetofautisha vizuri rangi nyekundu na kijani. Kwa wanaume jambo hilo si nadra, na wengi hawajui kuwa wanalo.

6. Kuchagua nyumba

Hesabu ya kawaida: kama hujui kiwango kitakachopatikana, chukua nusu, na ukubali kosa la asilimia 10 juu na chini. Namba ya uhakika wa asilimia 95 ni 1.96, hivyo 1.96 × 1.96 × 0.5 × 0.5, gawanya kwa 0.1 × 0.1, unapata kaya 96. Lakini nyumba jirani hufanana, maana huchota mahali pamoja, hivyo zidisha kwa 2: kaya 192. Mpango wa zamani wa tafiti za chanjo, wa vikundi 30 vya watoto 7, ukiutumia kwa kaya unakupa 210, na ziada hiyo kidogo inafunika nyumba zitakazokataa au zitakazokuwa tupu.

Vikundi vichaguliwe kwa uzito wa watu: avenyu yenye kaya nyingi iwe na nafasi kubwa zaidi ya kuchaguliwa. Orodha ya kaya iombe kwa shefu wa avenyu na kwa reko, kisha linganisha. Zikitofautiana sana, tembea mwenyewe avenyu mbili tatu uhesabu milango, uone ipi iko karibu na ukweli. Kumbuka wapangaji: ua mmoja Goma unaweza kuwa na kaya nne, kila moja na bidoni yake.

Usichague nyumba za barabarani kwa sababu ni rahisi kufika. Nyumba za ndani, kwenye mawe, ndizo zilizo mbali zaidi na maji, na umbali ndio unaoupima.

7. Nyumbani kwa mtu

Salamu kwanza, tena salamu kamili. Jitambulishe, onyesha barua, eleza kwa maneno ya watu: "Mama, tunapima kama dawa ya maji ingali ndani. Hatuandike jina. Mukikatala, hakuna shida." Akikubali, usiulize "Je, munaweka klorini katika maji?" Kila mtu atajibu ndiyo. Sema: "Mama, munionyeshe namna munampatiaka mtoto maji ya kunywa." Atachukua kikombe anachokichukua kila siku, atachota pale anapochota kila siku. Maji hayo ya kikombe ndiyo sampuli yako ya kwanza. Ya pili itoke moja kwa moja kwenye chombo cha kuhifadhia. Tofauti ya hizo mbili inakueleza habari za kikombe na mkono.

Ukipewa maji uyanywe kama mgeni, pokea kwa heshima. Heshima hiyo haikukatazi kuyapima.

Kisha uliza, kwa mpangilio huu: maji yalichotwa wapi, nani aliyachota, yalitiwa dawa wapi, na saa ngapi. Kwenye saa usiwe na haraka. Mmoja anahesabu saa za Kiswahili, mwingine za Kifaransa, na "saa sita" ya huyu si ya yule. Uliza: "Watoto walikuwa wameshaenda shule? Jua lilikuwa wapi?" Halafu wewe ndiye ubadili kuwa saa 24 katika fomu. Kosa la saa sita hapa linaua utafiti mzima, kwani mchoro wako wote umesimama juu ya saa.

Tazama chombo, uandike unachokiona: bidoni au ndoo, kina kifuniko au hakina, mdomo mpana au mwembamba, ndani kuna ukijani au mafuta. Bidoni nyingi za njano zilianza maisha zikiwa na mafuta ya kupikia. Uliza zinavyosafishwa, wengi hutia vijiwe vya lava na maji kidogo wakatikisa, na hiyo ni njia nzuri kuliko watu wa nje wanavyodhani.

Ukikuta sifuri, usiondoke kimya ukasema ni siri ya utafiti. Mwambie mwenye nyumba hapohapo, bila kumwaibisha mbele ya majirani, na mwelekeze cha kufanya: kuchemsha, au kidonge cha kusafishia maji kinacholingana na ukubwa wa chombo. Kile cha miligramu 67 ni cha bidoni ya lita 20 ya maji maangavu, na kinahitaji dakika 30 za kusubiri. Jambo hili liandike katika ombi lako la kamati ya maadili tangu mwanzo.

8. Jaribio la bidoni, kwa anayetaka kuongeza uzito

Nyumbani huwezi kudhibiti kila kitu, kwa hiyo fanya jaribio dogo pembeni. Tafuta bidoni nne za lita 20: mpya, kuukuu iliyosuguliwa, yenye ukijani ndani, na iliyokuwa ya mafuta. Zijaze maji ya ziwa ya mahali pamoja, kwa wakati mmoja.

Tengeneza mchanganyiko mama wa asilimia 1: gramu 15 za unga wa HTH, ule wenye klorini ya asilimia 65 hadi 70, katika lita moja ya maji. Unga uingie kwenye maji, siyo maji kwenye unga. Vaa glavu, kaa penye hewa, tumia chombo cha plastiki, na HTH isikutane kamwe na asidi wala na aina nyingine ya vidonge vya klorini. Acha mashapo yatulie, tumia maji ya juu. Mililita moja ina miligramu 10 za klorini, hivyo mililita 4 katika bidoni ya lita 20 zinakupa 2 mg/l. Mchanganyiko huo uufunike mbali na jua na usiutumie baada ya wiki.

Pima kila bidoni baada ya dakika 30, saa 2, 4, 8, 12 na 24. Usibadilishe mahali zilipokaa. Kama una nafasi, weka bidoni ya tano ya maji yaleyale juani ili uone jua linavyokula klorini.

9. Vijidudu: uamuzi wa pesa

Mwalimu wako huenda akakuambia klorini peke yake haitoshi, upime na E. koli, bakteria anayeonyesha kuwa kinyesi kimeingia majini. Ni kweli, lakini fanya hivyo kwa sehemu ya kaya tu, mathalani moja kati ya saba. Chupa iwe safi na iwe na sodiamu thiosalfeti, la sivyo klorini itaendelea kuua vijidudu njiani na utasoma maji masafi yasiyokuwepo. Sampuli ikae gizani na kwenye baridi, ifike kwenye kichujio ndani ya saa 6 ukiweza. Mililita 100 zinachujwa, utando unalazwa kwenye chakula cha bakteria kwa nyuzi 44 kwa saa 16 hadi 18. Kiatamizi kiwe na betri. Usijaribu kumtafuta vibrio mwenyewe nyumbani au chuoni bila maabara iliyoandaliwa. Kazi hiyo ni ya maabara kama ya INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, iliyopo Goma.

10. Kusoma ulichokipata

Faili ya Kobo ifungue kwenye jedwali, au kwenye programu ya takwimu. Kabla ya hesabu yoyote, chora. Mstari wa chini uwe saa tangu maji kuchotwa, mstari wa kando uwe CRL, kila kaya nukta moja. Mara nyingi mchoro huo ndio utakaokueleza zaidi ya jedwali zote zitakazofuata.

Wastani usiutegemee. Nyumba chache zilizotia dawa kupita kiasi zitauvuta juu, wakati nusu ya kartie iko sifuri. Toa kiwango cha kati (mediani, yaani cha kaya iliyo katikati ukizipanga) na asilimia ya kaya zilizofikia 0.2, kwanza kwa wote, kisha kwa makundi ya saa: chini ya 4, 4 hadi 8, 8 hadi 12, zaidi ya 12. Kwa kuwa ulichagua kwa vikundi, iambie programu hivyo. Ukisahau, uhakika wako utaonekana mkubwa kuliko ulivyo.

Klorini hushuka kwa mwendo wa nusu kwa nusu. Tuseme mchoro wako unaonyesha inapungua nusu kila saa 4. Bidoni iliyotoka ziwani na 0.8 itakuwa na 0.4 baada ya saa 4, na 0.2 baada ya saa 8. Kama mama anachota saa 12 asubuhi na watoto wanakunywa hadi saa 12 jioni, basi kutoka ziwani ilipaswa kuwa na 1.6. Hapo ndipo swali lako dogo linageuka kuwa pendekezo ambalo kituo cha klorini kinaweza kulifanyia kazi kesho, mradi watu wavumilie ladha. Lijaribu na hilo: uliza watu kumi wanywe, wakueleze.

Usidai lisilokuwemo. Utafiti wa siku chache wa klorini hauwezi kusema kaya zisizo na klorini ndizo zilizougua. Unaweza kuomba idadi ya wagonjwa kwa wiki kutoka zoni ya afya ukaiweka kama maelezo ya mazingira. Kuifanya sababu ni utafiti mwingine.

11. Matokeo yarudi yalikotoka

Memwari yenye kurasa themanini haitasomwa na kijana wa sirinji. Andaa karatasi nne tofauti. Ya daktari mkuu wa zoni: kurasa mbili, jedwali moja, mchoro mmoja, njia uliyotumia. Ya shirika linaloendesha kituo cha klorini: mchoro wa kushuka kwa klorini, pH, na dozi unayopendekeza. Ya shefu wa kartie: nusu ukurasa kwa Kiswahili, bila kutaja avenyu kwa namna ya kuiaibisha. Ya reko: sentensi tatu anazoweza kuzisema mlangoni.

Sentensi hizo ziandike pamoja naye, kwa Kiswahili cha Goma. Kwa mfano, kama data yako ndivyo ilivyosema: "Maji ya asubuhi, tuyamalize mbele ya usiku. Ya kesho, tuchote ingine. Bidoni yenye ukijani ndani, tuisugue mbele ya kupeleka ku ziwa." Saa mtakazotaja zitoke kwenye mchoro wako mwenyewe, wala si kwenye mfano wa hapo juu. Nakala ya data iliyoondolewa alama za nyumba ibaki kwa zoni ya afya, pamoja na fomu tupu na maelezo ya kila safu, ili mwanafunzi wa mwaka ujao apime kartie ileile msimu wa kiangazi na aweze kulinganisha.